Hodi kwa Boriti

Fundi seremala hagusi mti wowote wa ile nyumba kuu ya shamba kabla hajaupigia hodi. Hubisha kwa kifundo cha kidole cha kati, kilichovimba kwa miaka ya kazi hiyo, kisha hufumba macho na kutega sikio, kama mtu aliyefika ugenini. Nguzo nne za baraza ziliitika kwa sauti tupu, maana mchwa walikuwa wamezila zikabaki maganda. "Hapa wenyeji hawapo," alisema kila mara, na mwalimu mkuu aliyemshikia ngazi akaihamishia nguzo inayofuata. Nguzo hubadilishwa. Lakini boriti ya kati ndiyo iliyobeba paa zima la vigae, na ikiwa nayo imeliwa, nyumba itabomolewa, na wanafunzi wa mwalimu, waliotarajia kuifanya shule yao, wataendelea kusomea juani. "Fundi, sema basi, utaniua kwa presha!" "Tulia, mwalimu. Ndiyo kwanza nabisha." Akapanda hadi juu, akabisha, akalaza shavu kwenye mti uliochongwa kwa tezo kabla babu yake hajazaliwa. Mlio uliorudi ulikuwa mzito, umeshiba. Vumbi likamwagika usoni, hakulifuta. "Wanasemaje?" mwalimu aliuliza kwa kunong'ona. "Wanasema karibuni. Kalete watoto."