Mishkaki Iliyooshwa Bombani

Wanaume wa kwetu hawapiki. Wanachoma. Mwambie kaka yangu achemshe chai, atakuuliza kama umesikia mkewe amefariki. Lakini muonyeshe jiko la makaa na kipande cha nyama, ghafla anakunja mikono ya shati na kuanza kutufundisha. Somo lake ni moja miaka nenda miaka rudi: nyama ni chumvi. Viungo ni vya watu wanaoficha nyama iliyooza.

Baba aling'olewa magego ya mwisho mwaka jana. Meno ya bandia aliyakataa, akasema hawezi kuazima mdomo. Basi tukawa hatulizungumzii. Kila tulipochoma alichukua kipande kama zamani, akakizungusha mdomoni, akasifu. Siku moja nikiwa nafua koti lake nilikuta leso mfukoni, na ndani yake vipande sita vya nyama vilivyofyonzwa hadi vikawa vyeupe. Nililia pale pale kwenye karai. Kisha nikakasirika. Mzee aliyetulea kwa kazi ya kiwandani sasa anajificha kutema chakula cha watoto wake!

Nikaapa kwamba Jumapili atakula nyama mbele yetu, na ataimeza.

Makongeni, Thika, nilikokulia, jirani yetu mmoja, mama Mwislamu, aliuza mishkaki mlangoni kwake. Ndiye aliyenifundisha kwamba papai bichi hulainisha hata ng'ombe aliyekufa kwa uzee. Basi alfajiri, hapa kwangu mtaa wa Kimbo, nilikata steki vipande vidogo, nikaikunia papai bichi pamoja na ganda lake, nikatia tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili manga, nikafunika.

Saa saba kaka akafika na baba kutoka Thika. Kaka alikuwa amekuja na kisu chake mwenyewe, kimefungwa kwa gazeti, utadhani daktari wa upasuaji. Nikawaacha nikaenda dukani kununua makaa. Niliporudi, bwana yule alikuwa ameinama kwenye bomba la ploti, pale uani tunapochota maji wapangaji wote, anaosha nyama yangu kipande kwa kipande. Papai na kitunguu saumu vilikuwa vinaelekea mtaroni.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nimekuokolea nyama, siz. Ilikuwa imejaa takataka. Sasa iko safi, inataka chumvi peke yake. Wewe enda ukate kachumbari."

Nilitamani kumpiga kwa ule mfuko wa makaa. Nikaenda kukata kachumbari, nikihesabu saa tangu alfajiri na kujiuliza kama papai lilikuwa limemaliza kazi yake kabla ya kufukuzwa.

Kaka alitunga nyama kwenye vijiti, akachoma kwa mbwembwe. Alipepea kwa kifuniko cha ndoo, akanyunyiza chumvi kutoka juu, akatutangazia kila hatua kama mpira wa redioni. Kisha akampa baba kijiti cha kwanza.

Baba akatia kipande mdomoni. Akakitafuna kwa ufizi, polepole. Koo likapanda, likashuka. Akavuta cha pili, na cha tatu, mpaka kijiti kikabaki kitupu. Nilifurahi: leso haikutoka mfukoni.

"Leo umechoma," akamwambia kaka.

"Si nilisema? Chumvi tu!"

Nilifungua mdomo nimpe ukweli wake. Halafu nikawaza: nikitaja papai, atauliza la nini, na jibu limo mdomoni mwa baba. Nikamwekea kaka kachumbari. Iliniuma, sitadanganya. Kuamka alfajiri ili asifiwe mtu aliyekuja kuharibu si jambo dogo.

Sifa zikampanda kaka kichwani. "Jumapili ijayo mnakuja kwangu. Nachinja mbuzi, tunachoma mapande makubwa, na hakuna mtu anakaribia hapo na viungo!"

Mkono wa baba ukasimama hewani. Akanitazama, na macho yake yakaniambia kwamba alijua kila kitu nilichofanya asubuhi ile.

"Mbuzi utachoma wewe," nikamwambia kaka, "lakini nyama italala kwangu kwanza."

"Ilale kwako ikifanya nini?"

"Fanya vile dada yako amesema," baba akamjibu, akachukua kijiti kingine.