Meli ya Baba na Taa za Shangazi

Shangazi yangu alisuka mota maisha yake yote ya kazi. Pampu ikiungua, feni ikigoma, mashine ya kusaga ikianza kutoa moshi, watu waliibeba mpaka kwenye karakana yenye sakafu nyeusi kwa grisi, na mle ndani walimkuta yeye, mwanamke pekee, akizungusha waya wa shaba mwembamba kama unywele huku akiimba kwa sauti mbaya. Wenzake walimbandika jina la Koili, yaani msokoto wa waya, na likamganda. Hata mama, ambaye ni wifi yake, akimchoka humwambia, “Koili, hebu nipumzishe.”

Alipostaafu, mikono yake haikukubali kustaafu naye. Kila Jumamosi alikuja kwetu akafungua redio isiyo na kosa, au akaikaza upya mipini ya masufuria. Mama alimvumilia. Baba alijifungia katika kile chumba kidogo nyuma ya jiko, akichonga meli ya mfano.

Meli yenyewe ilikuwa ile aliyoifanyia kazi, meli ya abiria ambayo siku hizi imeshakatwakatwa ikawa chuma chakavu. Majirani wanamwita Nahodha, naye hajawahi kuwasahihisha, ingawa huko melini kazi yake ilikuwa kubeba sinia za chai. Aliijenga kwa mbao na plaiwudi, akiongozwa na picha moja iliyofifia na kumbukumbu zake. Ilipokamilika, nyeupe, bomba lake la moshi jekundu, alituita wote. Mama akapiga makofi. Shangazi akaizunguka, akainama, akafumba jicho moja na kuchungulia dirishani.

“Kaka, mbona ndani giza? Meli hii imefiwa?”

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba hakucheka hata kidogo.

Jumamosi iliyofuata baba alikwenda kunyolewa. Aliporudi, alikuta shangazi ameshatoboa tundu nyuma ya meli kwa keekee, akapitisha waya, akaweka kibalbu ndani. Alitaka kumfurahisha ndugu yake. Alipomsikia mlangoni, akawasha. Masikini, plaiwudi ilikuwa nyembamba mno. Mwanga ukapenya kila mahali, kuta zote zikawaka kama mfuko wa karatasi uliowekwa mshumaa, na ndani yake yakaonekana madonge ya gundi na alama za penseli ambazo baba aliamini hakuna atakayeziona mpaka kiama.

“Umeitoboa meli yangu,” baba alisema.

“Kaka, subiri nikueleze...”

“Umeitoboa.”

Akaifunika kwa shuka. Tangu siku hiyo akamnunia. Shangazi akija, baba alimpitishia maneno kwa mama, hata wakiwa wamekaa meza moja: “Mwambie wifi yako anisogezee chumvi.” Mama naye alijibu, “Wifi, umesikia? Nahodha anataka chumvi,” na shangazi alisogeza chumvi akiangalia pembeni. Alikuwa ameumia. Nilimjua, asipoimba, ujue ana jambo moyoni.

Lakini kukata tamaa si kazi yake. Kwake nyumbani alichukua boksi la viatu, akalikata madirisha, akalipaka rangi nyeusi ndani ili mwanga usipenye kwenye kuta, kisha nyeupe juu ya ile nyeusi ili mwanga urudi na kutawanyika. Madirishani akabandika karatasi ya kukatia mitindo ya nguo. Siku alipolileta hakusalimia mtu. Alilitua mbele ya baba, akawasha, akaenda zake jikoni.

Kuta zilikuwa giza tupu. Madirisha tu ndiyo yaliyowaka, moja moja, kama kwamba kuna watu ndani wamekaa wanazungumza.

Mimi na mama tulitega masikio. Kisha tukamsikia baba akikohoa.

“Koili!”

“Nani ananiita?”

“Njoo hapa bwana, usinipotezee muda. Ukumbi wa chakula haukuwa na taa nyeupe hivi. Ilikuwa ya manjano.”

Shangazi akajifuta mikono, akaingia, na mlango ukafungwa.

Ili waya zipite, sitaha ya juu ilibidi ing'olewe. Baba aliikata mwenyewe kwa msumeno, na mama akatoka nje kwa sababu hakuweza kutazama. Wakaamua isigundishwe tena, iwe inafunuka kama kifuniko, kibalbu kikiungua kipatikane. Shangazi alilaza zile waya zake nyembamba kwenye pembe za vyumba, zisionekane. Vibalbu vya ukumbini akavipaka rangi ya kucha ya mama, akaikoroga mpaka ikatoa manjano aliyoyataka baba. Mama aliitafuta ile chupa juma zima.

Waliteta kutwa. Baba alikumbuka kwamba ofisa mmoja alilala mapema kama kuku, kwa hiyo chumba chake kiwe giza. Sawa. Akakumbuka pia kwamba taa ya ujia wa kushoto ilikuwa ikipepesa.

“Basi ipepese,” akasema.

“Mimi nifunge taa mbovu kwa makusudi? Watu wakiiona wataniweka kundi gani?”

“Ilikuwa inapepesa, mdogo wangu. Abiria waliipiga ngumi wakipita.”

Shangazi aliifunga ipepese, shingo upande, na kila mgeni anapokuja hujitetea kabla hajaulizwa.

Baba aliwaalika wenzake wa zamani. Walikuja watatu: mpishi, mshika usukani, na dobi wa meli, mzee mwembamba mpole aliyekaa karibu na mlango. Mama akavuta mapazia, shangazi akabonyeza swichi. Mpishi alipiga yowe. “Jiko langu! Tazama, hata shubaka la kupitishia sahani!” Mshika usukani naye alikitafuta chumba alicholala, akakipata, akakaa hapo hapo ameinama, hataki kumpisha mtu.

“Na wewe, njoo uone chako,” baba akamwambia dobi.

“Changu hakimo,” alijibu akitabasamu. “Sisi tulikuwa chini kabisa, ndani ya maji. Hakukuwa na dirisha.”

Baadaye baba aliniambia kwamba aliona haya: miaka yote alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na hakuwahi kushuka kule hata siku moja.

Shangazi ndiye aliyeuliza, “Kulikuwa na taa?”

“Moja. Juu ya mashine za kufulia. Ilizungushiwa wavu wa chuma.”

“Jumamosi uje.”

Alikuja. Alikaa na baba akimwelekeza: mashine mbili hapa, meza ya pasi pale, rafu za mashuka mpaka juu. Baba akachonga. Mama akakata leso na kukunja vishuka vidogo kama kucha. Shangazi akasuka wavu kwa waya wa shaba, akaushusha kwa kibano juu ya kibalbu, ameuma ulimi.

Siku ya kukiona chumba hicho cha kufulia, dobi alimleta mkewe, mama mnene mcheshi aliyetusalimia kwa vifijo. Dobi aliifunua sitaha mwenyewe, taratibu, akamwonyesha kule chini.

“Nilikuwa hapa.”

Mkewe akachungulia. Mwanga mdogo uliangukia vile vishuka.

“Hapa? Hakuna dirisha?”

“Hakuna.”

“Na mimi miaka yote hiyo ukiondoka nasema, mwenzangu huko anaiona bahari.”

“Nilikuwa naisikia,” dobi akasema. “Ilikuwa inagonga hapo ubavuni, karibu na meza ya pasi.”

Yule mama hakutania tena. Alimshika mumewe mkono, akaendelea kuchungulia. Kisha akamgeukia shangazi: “Dada, unaweza kuzima hizo nyingine zote, ibaki hii tu?”

Haikuwezekana, swichi ilikuwa moja kwa meli nzima. Baba alianza kueleza hivyo, lakini shangazi alikuwa ameshaigeuza meli ubavu na kushika koleo. “Kaka, lete keekee,” alisema. “Natoboa tundu jingine.”

Baba akamletea.