Kummiminia Shunpei

Ijumaa ile Fumiyo alitoka kiwandani, alikokata samaki kwa miaka kumi na tisa, akanawa mikono mara tatu harufu imtoke, akaenda kukutana na mwanawe kwenye baa ndogo karibu na stesheni. Shunpei alikuwa amempigia simu mwenyewe, akamwambia aje wale pamoja. Mama mwingine angefurahi. Fumiyo alikosa usingizi siku mbili. Mumewe, Seiji, alikufa kwa ugonjwa wa ini akiwa na miaka hamsini na moja, na sasa Fumiyo alikuwa anakwenda kwa jambo moja tu: kuona mtoto anakunywaje.

Walikaa kaunta, Shunpei katikati, upande wa pili Ogata, mwenzake wa kuchomelea meli. Mwenye baa aliwawekea figili ya kuchemsha ambayo hakuna aliyeiagiza, kama ilivyo kawaida, kisha pombe ya mchele iliyopashwa moto. Shunpei akammiminia Ogata, akammiminia mama yake kidogo, akaisogeza chupa mbele ya mama yake, akasubiri. Mtu hajimiminii mwenyewe, humiminiwa na mwenzake. Fumiyo aliiona chupa. Akavuta bakuli la soya changa, akaanza kumenya maganda.

Ikaja mishikaki ya kuku, ikaja ya ngozi, ikaja ya maini, ambayo Fumiyo aliisukuma kando. Kikombe cha Shunpei kilikuwa bado kitupu.

"Mama Shunpei," alisema Ogata, "huyu ulimzaa au ulimwokota bandarini? Koo limemkauka mwenzio."

Mwenye baa alicheka huku akipepea makaa. Fumiyo alijibu kwamba figili ina mchuzi wa kutosha. Ogata akanyoosha mkono aokoe jahazi, lakini Shunpei alimwahi, akachukua chupa, akajimiminia, akanywa.

Fumiyo alishaiona mikono ile kwa Seiji. Kuna mwaka alichoka, akaapa hatammiminia tena mumewe, akidhani ataona aibu aache. Seiji hakuacha. Alihamia jikoni, akawa anajimiminia peke yake, amewapa mgongo, mpaka siku ya hospitali. Jambo hilo Fumiyo hakuwahi kumwambia mtu.

"Unakunywa kila siku?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ogata alisema anatoka nje kuvuta sigara, ingawa aliiacha pakiti juu ya kaunta.

"Ijumaa tu," alisema Shunpei.

"Baba yako naye alikuwa anasema Ijumaa tu."

Shunpei alikizungusha kikombe. "Nyumbani sina hata chupa moja, Mama. Nakunywa hapa kwa sababu hapa kuna wa kunimiminia. Ogata akiona imetosha, anaiweka chupa mbali, na mimi sigusi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kujimiminia." Akakiweka kikombe chini. "Nilikuita ili na wewe ujue kuiweka mbali. Ogata anahamishiwa yadi nyingine mwezi ujao."

Fumiyo hakujua amwamini au asimwamini. Alimtazama macho, akamtazama ngozi ya shingo, kama alivyokuwa akimtazama akiwa mdogo na homa. Hakuona kitu. Kwa Seiji pia, mwanzoni, hakuona kitu.

Alichukua chupa kwa mikono miwili. Shunpei akainua kikombe, naye kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo. Fumiyo akamimina hadi nusu, akaisukuma chupa mpaka upande wa mwenye baa.

"Basi," alisema.

"Basi," alijibu Shunpei, akaagiza wali uliomiminiwa chai ya moto kwa watu watatu.

Walianza kula. Ogata aliporudi, alitazama chupa ilipo, akachukua bakuli lake.

"Ijumaa mnaanza saa ngapi?" Fumiyo alimuuliza mwanawe.

"Saa kumi na moja."

"Nitaomba zamu ya asubuhi kila Ijumaa," alisema.