Nani Kasema Moyo Umeshindwa?

Msusi mmoja wa jirani na soko la nguo, aliyeitwa Mama Spika kwa ajili ya mdomo wake, hakuwahi kukubali kushindwa na mtu. Aliwahi kubishana na fundi umeme kuhusu umeme, akashinda, na saloni ikakaa gizani wiki nzima. Wateja walimpenda hivyo hivyo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na kelele zake hazikuwa na malipo.

Basi miguu yake ilipovimba hata viatu vikamkataa, na ngazi za saloni zikawa zinamwacha akihema kama aliyekimbizwa na mbwa, alikwenda hospitali. Daktari alimpima, akamwandikia vidonge, akamwambia apunguze chumvi na maji. Kisha akasema kwa upole, "Mama, moyo wako umeshindwa kufanya kazi vizuri."

Mama Spika alisikia mpaka kwenye "umeshindwa" akaishia hapo.

"Umeshindwa na nani?" aliuliza.

Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Vidonge navyo vilikuwa na vituko vyao. Kazi yao ilikuwa kutoa maji mwilini, kwa hiyo kila mara alikuwa mbio chooni, mteja kaachwa na kitana kimening'inia kichwani. Akavitupa kwenye droo, akafungua simu kutafuta daktari mwenye adabu.

Hakumkosa. Mtandaoni kulikuwa na jamaa aliyejiita Daktari Kifua, koti jeupe pe, kipimo cha kusikilizia mapigo kikiwa shingoni na lebo ya dukani bado imebandikwa. Nyuma yake muziki ulikuwa wa kuingizia bibi harusi ukumbini. "Moyo haushindwi!" alifoka. "Moyo unachafuka! Kunywa maji, jagi kwa jagi, uoshe moyo wako!" Yaani moyo uoshwe kama sufuria. Hakusema amesomea wapi, wala maji hayo yanaingia kwa mlango gani, na hakuna aliyemuuliza. Watazamaji walikuwa mamilioni, na kila mmoja kamrushia kimoyo chekundu.

"Huyu ndiye daktari," Mama Spika alimwambia mdogo wake, mshonaji wa chumba cha pili. "Yule wa hospitali nani anamtazama? Tulikuwa mimi na mzee mwenye kikohozi."

"Dada, hospitali wamesema upunguze maji."

"Na mimi nimesema wapunguze maneno."

Akanywa. Miguu ikazidi kuvimba, akasema uchafu unashuka. Akawa analala ameketi, mito imerundikwa mgongoni, kwa sababu akijilaza chali alihisi anazama. Akasema ni joto. Mdogo wake alimfichia jagi, akanywea chupa. Inauma kulisema, lakini mwanamke yule alikuwa akijiua huku anacheka.

Mchana mmoja, akiwa amefika nusu ya kichwa cha mwalimu wa chekechea, mikono ililegea na pumzi ikagoma. Mdogo wake akasimamisha teksi, wakaingia hospitali watatu, mwalimu akiwa na rasta upande mmoja na upande wa pili nywele zimesimama wima. Mlinzi wa mlangoni alimkimbilia mwalimu na kiti cha magurudumu.

Baada ya oksijeni na sindano, Mama Spika alipoweza kusema, jambo la kwanza alimwonyesha nesi ile video. Nesi aliitazama mpaka mwisho bila kucheka.

"Mama, kushindwa huku si kwa mashindano. Hakuna aliyekupiga. Moyo wako umeelemewa. Unasukuma damu kwa taabu, maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu, na wewe unauongezea."

"Si wangesema umeelemewa!" akanong'ona. "Kuelemewa ningekubali. Mimi huelemewa kila Jumamosi." Kisha hofu ikamshika, akalia mpaka nesi akamkaripia ahifadhi pumzi.

Aliporudi saloni aliketi kwenye kiti cha wateja, miguu mbele, mdogo wake akashika simu kumrekodi. "Mimi si daktari, mimi ni msusi," alisema. "Nilikunywa maji ya yule mwenye koti, nikakaribia kuzikwa. Vidonge mlivyopewa mezeni, na mkojo wenu mkauvumilie."

Watazamaji walikuwa wa kuokoteza, na karibu wote waliuliza ule mtindo wa nywele zake unaitwaje. Halafu mmoja akaandika: "Mama yangu ana miguu kama hiyo. Hawezi kulala chali. Anywe maji kiasi gani?"

Mama Spika alikijua kiasi alichopangiwa yeye. Alianza kukiandika, vidole vikienda mbio kama kawaida yake. Akasita. Akafuta. Mteja alikuwa akisubiri, na mdogo wake alimkodolea macho, maana tangu wazaliwe hakuwahi kumwona dada yake akikosa jibu.

"Sijui," aliandika. "Mpeleke hospitali leo."