Onchiri na Taa ya Oili

Miaka kumi na mmoja Onchiri alifyeka nyasi za shule ya misheni huko juu ya Sironga kwa mikono, na mgongo wake uliijua kila kona ya uwanja. Kisha mmishonari aliyekuwa akirudi kwao akaiachia shule trekta dogo la bustani, la kukatia nyasi, akamfundisha Onchiri kuliendesha. Msicheke. Trekta lilikuwa fupi kuliko ndama, lakini cheo ni cheo. Dereva aliandikwa pamoja na walimu, na mtoto wa mwalimu alisoma bure. Ndivyo mwaka ule wa 1974 binti yake Nyanchama alivyoingia kidato cha kwanza, wa kwanza katika ukoo mzima.

Ijumaa moja ya Oktoba, kesho yake ikiwa Sabato ya ubatizo, Onchiri alikuwa mbioni. Wageni wangetoka hata Marani kuja kuketi kwenye nyasi zile, na jua likizama Msabato hagusi kazi. Saa kumi alasiri robo ya uwanja ilikuwa bado. Ndipo taa nyekundu ya oili ikawaka.

Alizima injini papo hapo, na kwa hilo asifiwe. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa shati, akakitumbukiza tena, akakitoa. Oili ilifika alama ya juu. Akauchomoa waya kwenye swichi ndogo iliyo ubavuni mwa injini, akawasha injini kidogo: taa kimya. Akaurudisha: taa ikawaka. Mmishonari alimfundisha kwamba taa ikizimika hivyo, waya ni mzima. Basi ama swichi imekufa, ama kweli oili haizunguki. Kujua ni lipi, swichi itolewe na geji, kile kipimo cha msukumo wa oili, ifungwe mahali pake. Geji ilikuwa kwa Gulled, fundi wa Nyakoe. Kwenda na kurudi, Sabato ingekuwa imeshaingia.

Sasa sikilizeni kosa, maana ni kosa letu sisi watu wa milimani. Trekta lilisimama ubavu kwenye mteremko, limeinamia upande wa kijiti. Vijiko vichache vya oili vilivyobaki vilikuwa vimejikusanya upande huo huo, vikakilowesha kijiti hadi juu. Mtu wa nchi tambarare angeshtuka. Lakini Onchiri alizaliwa kwenye mteremko na kulima kwenye mteremko, na jikoni kwake sufuria iliwekewa kijiwe upande mmoja ili mchuzi usimwagike. Kwake yeye pale palikuwa uwanja tu. Hata banda la trekta lilikuwa limeinama vivyo hivyo, na humo ndimo alimopimia oili kila wiki tangu mmishonari aondoke, akiikuta imejaa kila wiki, asiongeze hata tone.

Mwalimu mkuu Obwocha akapita na Biblia kwapani.

"Onchiri, hii kazi itaisha kweli?"

"Itaisha, Mwalimu. Ni swichi tu inasema uongo."

Obwocha akalitazama jua. "Basi maliza, ndugu yangu."

Haraka haraka haina baraka. Tunawaimbia watoto kila siku, kisha sisi wenyewe tunakimbia. Onchiri aliuchomoa waya, akaufunga kwa kipande cha mpira, na taa ikakaa imezimika. Akazunguka mara sita. Mara ya saba injini ikagonga, ikatoa moshi, ikalia kwa ukali na kukwama. Akageuza ufunguo. Akageuza tena. Hakuna kilichosogea.

"Nimeiua," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Hofu yake ilikuwa na jina: Nyanchama. Sabato ilipoisha akatuma habari Nyakoe.

Jumapili Gulled alikuja. Kabla ya kufungua hata nati moja, aliomba trekta lisukumwe hadi uwanja wa voliboli, mahali pekee ambapo wanafunzi walikuwa wamechimba na kusawazisha. Akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu, kinanuka kuungua.

"Mzee, wewe ulipimia wapi?"

"Pale pale iliposimama."

Gulled aliutazama mteremko, akamtazama yeye, akakirudisha kijiti taratibu. "Pole, mzee. Injini imeshikana. Hii haitapona."

Jioni ile Obwocha hakupiga kelele, heri angepiga. "Dereva bila trekta nitamwandika vipi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Utarudia fyekeo. Na msichana naye, sheria ni ile ile."

"Mwalimu, niadhibu mimi. Mtoto hakupima oili."

"Najua." Obwocha alitazama viatu vyake. "Kamati ya shule imeshakata shauri. Kama una karo, mlete. Kama huna..." Onchiri hakuwa nayo, na wote wawili walijua.

Jumatatu asubuhi Nyanchama aliketi juu ya sanduku lake la bati kando ya uwanja, akingoja baba yake alibebe hadi nyumbani.

"Tata, tunaenda saa ngapi?"

"Nikimaliza upande huu," alisema Onchiri, naye alikuwa akifyeka polepole makusudi, kwa kuwa hakujua atamwambia mama yake Nyanchama nini.

Kengele ya darasa ikalia. Nyanchama akainuka, akakung'uta sketi, akapiga hatua mbili kuelekea darasani kabla ya kukumbuka.