Kaburi la Malkia Umelipata, la Babu Yako Je?

Khalfan, huna haya! Nnakwambia hapa kwenye grupu, mbele ya ukoo mzima.

Leo mjukuu wangu huyu kanipigia simu ya picha huku Oman, kutoka Uingereza anakosoma. Yuko kijiji kimya, hapiti mtu, kondoo tu. Anacheza mchezo wa kutafuta kikopo kilichofichwa, simu ndo inamwongoza.

"Bibi, nimekipata! Kilikuwa ukutani, karibu na kaburi la malkia!"

Akanisomea jina la malkia, la mumewe, na la watoto wake wote.

Nikafurahi, wallahi. Nikamuuliza, "Na babu yako kalala wapi pale makaburini Bawshar?"

Akanigeuzia simu kwenye kondoo.

"Bibi... mawe yote yanafanana."

Ndiyo yanafanana! Sisi hatuandiki majina. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Na wanawake hatuendi kuzika. Wewe Khalfan ndo ulishuka kaburini ukampokea babu yako. Sikukuuliza siku zote kwa sababu nilijua unajua.

Kila nikipitishwa na gari nje ya ukuta ule, namsalimia upande niliodhani yuko.

Sasa sijui nilikuwa nnamsalimia nani.

Nyie mliomzika, msinitumie visura vya kulia. Anayekumbuka aseme hapa chini.

Na wewe Khalfan, rejesha kikopo cha watu ulipokitoa. Skuli ikifungwa njoo umtafute babu yako hivohivo. Mie ntakaa garini. Ukilijua jiwe lake, simama hapo, uinue mkono nikuone.