Hoteli Niliyomchagulia Mama Goreth

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, pale Greyville, mtaa mmoja wa Durban, nilikuwa nimeinamia cherehani napinda suruali za shule, Mama Goreth alipoingia akaweka mbele yangu karatasi mbili za faksi na kijitabu cha picha. Akasema, "Zuhura, wewe unasoma Kiingereza muzuri. Tuchagulie hoteli ya Dubai."

Mwanangu, miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilitoka Tanga nikafika Durban kwa mabasi, na ukiniuliza leo nilivukaje mipaka yote ile nitakwambia ni ujana tu, maana akili haikuwepo. Mama Goreth ndiye aliyenipokea. Alikuwa Mrundi, mjane, mkubwa wa kutosha kunizaa. Alikuwa na meza ya vitambaa kule soko la Warwick, baina ya wauza mizizi na wapika vichwa vya ng'ombe, na chumba hicho cha cherehani tatu ghorofani, kilichotazamana na uwanja wa mbio za farasi. Yeye wa kwaya, mimi wa msikiti, lakini Ramadhani ikifika alikuwa akinipikia uji wa kufuturu na kuufunika kwa sahani asije mtu akaugusa. Nakueleza haya ili ujue nilimkosea mtu wa namna gani.

Safari yenyewe ilikuwa na uzito. Binti yake wa pekee, Espérance, alikuwa anaolewa mji wa jirani, Pinetown, na Mama alikuwa ameapa kwamba lesi ya gauni la mwanawe ataichagua kwa vidole vyake mwenyewe. Na papo hapo anunue vitambaa vya biashara. Alikuwa hajawahi kupanda ndege tangu azaliwe, akaniomba nimsindikize. Wakati ule hoteli ndiyo iliyokuwa mdhamini wa viza yako. Ukishaichagua, umeshaolewa nayo hadi siku ya kurudi.

Akavuta kiti akakaa, akaunyoosha mguu wake wa kulia, ule wenye goti lililokuwa likivimba. "Mimi sitaki makuu," akasema. "Tafuta ya katikati, ile wafanyabiashara wanalala. Si ya matajiri, na si ile ya kulala kama magunia. Iwe karibu na soko, nitembee kidogo, muchana nirudi nilale. Goti yangu unaijua. Kama lifti iko, na chai ya asubuhi mapema iko, bon, inatosha."

Maneno hayo yalikuwa wazi kama maji ya mtungi. Mtoto wa darasa la pili angeyaelewa.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya hoteli moja ya Deira, palepale sokoni. Faksi ilikuwa imeitia picha yake weusi, jengo likaonekana kama sanduku la chuma. Chini wameandika mambo yao makavu: lifti mbili, chai kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha kuhifadhi mizigo, soko liko mtaa wa pili. Hoteli ya pili ilikuja na kile kijitabu cha rangi. Bwawa la kuogelea la buluu, lifti ya kioo, minazi, bahari nyuma. Bei zao zilikaribiana, kwa kuwa ulikuwa msimu wa joto kali na hoteli za pwani zilikuwa zimeshusha.

Sasa nikwambie kilichokuwa moyoni. Kulikuwa na wasichana wenzangu wawili waliokwisha kwenda Dubai na kurudi na picha. Jumapili wakikutana nasi walizitandaza mezani, huyu kasimama penye chemchemi, huyu kaegemea gari lisilo lake. Nami nilikuwa nimeshaazima kamera. Nikiliangalia lile bwawa nilijiona nimesimama kando yake, ushungi mweupe, miwani ya jua. Wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani husikiliza methali akiwa na kamera mkononi?

Nikamwambia, "Hii hapa, Mama. Nzuri kuliko ile."

"Na soko?"

"Iko karibu. Dakika kumi na tano."

Kijitabu kilisema dakika kumi na tano kwa gari. Hilo la gari nikalimeza. Ile faksi nyingine nikaikunjakunja nikaitia kwenye pipa la vipande vya nguo. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini yangu ilikuwa na urefu wa kutosha kunifikisha Dubai.

Tulipotoka uwanja wa ndege, gari la hoteli lilipita Deira. Mama Goreth akayaona maduka ya vitambaa, marobota yamepangwa hadi njiani, akatabasamu akajiweka sawa kama mtu anayejiandaa kushuka. Gari halikusimama. Likavuka robot moja, zile taa za barabarani, ya pili, ya kumi, likaingia barabara ndefu yenye mchanga huku na huku. Mama akageuka akatazama nyuma tulikotoka, kisha akanitazama mimi. Nami nikajifanya nimeona jambo dirishani.

Sitaki kuisingizia hoteli ile. Ilikuwa safi, wahudumu wake watu wa heshima, na bwawa lilikuwa la buluu kama lilivyoahidiwa. Ila ilijengwa kwa ajili ya mtu aliyekuja kupumzika, nasi tulikuja kuhangaika. Basi dogo la kwenda sokoni liliondoka mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi, na kurudi saa kumi na moja na nusu jioni. Teksi zilikuwepo, lakini Mama alisema hawezi kuzichoma pesa za lesi ya mwanawe barabarani.

Siku ya kwanza tukaenda na basi. Tulitembea maduka matano au sita, na goti likaanza kulalamika. Ilipofika saa saba mchana, milango ya chuma ikaanza kushuka, duka baada ya duka, mtaa mzima. Tukaambiwa watu wanakwenda kula na kulala, watafungua saa kumi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mama alitaka arudi kulala mchana. Aliwahi kuulizia kwa wanawake waliomtangulia. Mimi sikumuulizia mtu.

Joto la kule si kama letu la Durban. Ni kama mtu amekufungulia mlango wa tanuri usoni na hataki kuufunga. Tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, penye kivuli chembamba kama kanga iliyokunjwa. Mama akavua kiatu. Goti lilikuwa limejaa hadi gauni linabana. Nikamwambia tukatafute maji baridi, akasema, "Nenda wewe, mimi hapa niko sawa." Nilipolipata duka dogo lililo wazi na kurudi na chupa, nikamkuta ameegemea ukuta, uso mkavu hauna jasho, anaongea Kirundi na mtu nisiyemwona. Nikamwita. Akanitazama asinijue.

Mwanangu, mimi nimepata uchungu wa uzazi mara nne na nimezika mume, lakini woga wa dakika ile bado naijua ladha yake. Nilimshika chini ya mikono nikajaribu kumwinua, nikashindwa. Nikasema kwa Kiswahili, sijui namwambia nani, "Ewe Mola, usimchukue huyu, aliyekosa ni mimi."

Sauti ya mwanamume ikanijibu kwa Kiswahili kile cha visiwani, "Huyo kapigwa na joto. Mshike huko, nami nishike huku."

Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, ametoka mlango wa pili kutoka pale tulipokuwa. Tukambeba Mama wawili wetu, tukaingia mahali penye ubaridi, tukamlaza kwenye kochi refu. Yule bwana akaleta taulo zilizolowa, akachanganya maji na sukari na chembe ya chumvi, akanionyesha namna ya kumnywesha kidogo kidogo. Aliitwa Bwana Seif, wazazi wake wa Pemba, na alikuwa msimamizi wa mapokezi. Mapokezi ya wapi? Nikainua macho juu ya meza yake nikasoma jina la hoteli. Ndiyo ile. Ile ya faksi nyeusi, niliyoitia kwenye pipa la vipande vya nguo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikujua hata vitanda visivyo na kunguni. Nilikaa sakafuni kando ya kochi nikihesabu pumzi za Mama. Mbele yangu wafanyabiashara walikuwa wanaingia kutoka sokoni, wanapanda lifti kwenda kulala, marobota yao wameyaacha kwenye chumba cha mizigo. Baada ya saa nzima hivi Mama akafumbua macho, akaniita jina langu. Nilishukuru kimoyomoyo.

Bwana Seif akauliza tumefikia wapi. Nikamtajia. Akashangaa. "Mbona mbali vile, na mama ana mguu? Watu wa Durban wengi hufikia hapa kwetu. Nani kakuchagulieni?"

Ningeweza kuusingizia ubalozi, au ofisi ya tiketi. Uongo wa pili ulikuwa umeshanifika ulimini. Lakini nilitazama lile goti. Nikasema, "Ni mimi. Na hoteli hii niliiona, Mama. Karatasi yake niliitupa. Nilitaka picha kwenye bwawa. Zile dakika kumi na tano zilikuwa za gari."

Bwana Seif, kwa uungwana wake, akakumbuka ana kazi mezani. Mama Goreth akajiinua kidogo kwenye kochi. Aliponijibu, hakupandisha sauti. "Nilijua tangu gari lipite soko. Nilikuwa nangoja wewe useme." Akashusha mkono akaushika wangu. "Zuhura, mimi sikukuomba hoteli mubaya, na haukuchagua hoteli mubaya. Lakini ulichagua na macho yako. Haukuchagua na goti yangu."

Basi. Angenipiga kofi ningelisahau kabla ya Krismasi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Ila mimi sikuvunjika guu, na hilo ndilo lililonikata maini: guu lililoumia lilikuwa la mwingine. Kuhama hatukuweza, viza ilikuwa mikononi mwa hoteli ya kwanza. Bwana Seif akatupa kona ya ukumbi wake kwa siku tatu zilizobaki, kochi na kiti cha kuwekea mguu, wala hakutaka shukrani zaidi ya dua. Mama akakaa pale, nami nikawa miguu yake. Nilikwenda madukani, nikaomba vipande vya lesi, nikamletea. Yeye anavipitisha baina ya vidole, anavinyoosha kwenye mwanga, anasema, "Hii itafumuka. Rudisha. Uliza kama iko ile ya maua madogo." Nikirudi nimeloa jasho, ananipa maji kwanza kabla ya kuangalia kitambaa. Siku ya tatu ndipo nikaleta moja, akaiweka shavuni, akafumba macho. Nikajua tumeipata. Ujuzi wangu wote wa vitambaa, ambao umesomesha watoto hawa unaowaona, nilianza kuupata kwenye kona ile.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nafunga masanduku, Mama akasimama mlangoni na ile kamera. "Twende kwenye bwawa," akasema. Nikamwambia sitaki tena, naona haya. "Tumelipia maji ile. Twende nikupige picha." Akajikongoja hadi ukingoni, akanisimamisha penye minazi, akaniambia niweke ushungi sawa. Picha ninayo bado. Macho yamenivimba kwa kulia na kichwa kimekatwa kidogo juu, maana Mama Goreth hakuwa mpiga picha.

Tuliporudi, wanawake wa Warwick walimzunguka kumuuliza habari za hoteli. Nilikuwa nyuma yake nimebeba robota, nikasimama kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Mama akasema, "Eish, muzuri sana. Bwawa iko, lifti ya kioo iko." Wakacheka, wakanipongeza. Sikuwa na pa kuweka uso. Espérance akaolewa, gauni likasifiwa Pinetown nzima, na siri yangu ikabaki kifuani mwa mwanamke yule.

Mwaka uliofuata akina mama sita walitaka kwenda pamoja. Wakaja na makaratasi ya hoteli pale Greyville, chumba kikajaa. Nikajikunyata kwenye cherehani yangu nisionekane. Mama Goreth akayakusanya yote, akayapitisha juu ya vichwa vya watu, akayaweka mapajani mwangu. "Zuhura ndiye atachagua," akasema mbele yao.

Sikuyafungua. Nilichukua kalamu nikamwendea wa kwanza nikamuuliza: unaamka saa ngapi? Wa pili: dawa unakunywa na chakula? Ngazi unapanda? Wewe unayeogopa kulala peke yako, utalala na nani? Nilipomaliza kuwauliza wote sita ndipo nikazitazama hoteli. Mama Goreth alikuwa ameendelea kupinda nguo yake, hakuniangalia hata mara moja. Nikajua amenisamehe, na kwamba alikuwa amenisamehe zamani.

Mwanangu, siku hizi unamchagulia mama yako mahali pa kulala kwa kidole kimoja juu ya simu, na picha zimekuwa nzuri kuliko za kijitabu changu. Zitazame, si dhambi. Lakini kabla hujazitazama, mtazame mtu. Muulize analalaje, anaamkaje, kinachomuuma ni kipi, kwani adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ya goti aijuaye mwenye goti. Akikwambia, usichuje ukabakisha lile unalolipenda wewe. Ukichaguliwa kuchagua, umekabidhiwa mwili wa mwenzio. Ukikosea, sema mapema, gari likiwa bado halijapita soko. Na siku mdogo wako atakapokukosea wewe, usimnyang'anye kazi. Mpe tena, mbele ya watu.

Mola akupe wasafiri wenza wenye subira, akupe mlango wenye ubaridi siku ya joto lako, na kila atakayelala mahali ulipomchagulia aamke akikutaja kwa heri. Amina.